Handaki Lenye Tope Nyuma ya Mazizi: Sheria Inalinda Nini Hapo?

Swali

Msomaji mmoja aliyezaliwa Mombasa, ambaye sasa anafanya kazi katika shamba la ng'ombe na nafaka huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ameniandikia kuhusu kitu kilicho nyuma ya mazizi ya mwajiri wake. Ni mtaro mpana wa maji uliochimbwa kwa umbo la mraba, ukazunguka kipande cha ardhi chenye majani matupu. Hakuna ukuta, hakuna nyumba, hakuna hata jiwe lililosimama. Mwenye shamba alitaka kukodi mashine ya kuchimbia aondoe tope lililojaa humo, maji yawe safi na samaki warudi, lakini akaambiwa kwamba haruhusiwi kuligusa tope hilo bila kibali cha waziri. Msomaji anauliza: je, hili lilikuwa handaki la vita kama lile la Fort Jesus nililokua nikiliona? Na ikiwa hakuna kilichobaki, serikali inalinda nini?

Jibu

Ndugu msomaji, nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nilieleze. Kwa dalili zote ulizozitaja, handaki hilo ni la Zama za Kati. Aliyelichimba hakuwa akijiandaa kuzingirwa na jeshi. Na kinacholindwa hapo ni kile kile ambacho mwajiri wako anataka kukitoa, yaani tope, pamoja na ardhi ya kati ambayo macho yanaiona kuwa tupu. Natambua kwamba jibu la namna hii linaweza kumuudhi mkulima mwenye nia njema, kwa sababu machoni pake kuondoa tope ni kutunza na kuliacha ni uzembe. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye tope kuliko kwenye historia ya makabaila, ingawa historia hiyo nayo haiwezi kurukwa.

Ninaposema Uingereza hapa nina maana ya England peke yake, bila Scotland na Wales. Katika nchi hiyo yanajulikana maeneo yapatayo 6,000 ya aina hii, yaani kiwanja kimoja au zaidi cha ardhi kavu, ambacho wataalamu hukiita kisiwa, kilichozungukwa na handaki la maji pande zote au karibu zote. Yametawanyika nchi nzima, lakini yamesongamana zaidi katikati na mashariki, na Suffolk pamoja na jirani yake Essex ni miongoni mwa mahali yalipo mengi kabisa. Sababu moja ni udongo. Barafu kuu ya kale iliacha huko tabaka nene la mfinyanzi mzito, na mfinyanzi ukichimbwa hushika maji wenyewe kama chungu, bila kuhitaji mto wala kingo za mawe. Sababu nyingine ni wakati. Mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350, baada ya watu kuongezeka kwa muda mrefu, misitu ikafyekwa kupata mashamba mapya, na watu wa tabaka la kati la vijijini wakapata uwezo ambao babu zao hawakuwa nao. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1315 hadi 1317, na tauni iliyoingia England mwaka 1348, na kazi za namna hiyo zikapungua sana, ingawa hazikukoma.

Sasa tulinganishe na Fort Jesus, kwa kuwa umeitaja mwenyewe na ulinganisho huo unafaa. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na handaki lake lilikatwa katika mwamba wa matumbawe upande wa nchi kavu, ili mshambuliaji asiufikie ukuta bila kwanza kushuka shimoni mbele ya bunduki na mizinga. Ni handaki kavu, lenye kuta za mwamba, na pembe za ngome iliyo juu yake zilipangwa ili walinzi waweze kulielekezea silaha zao. Handaki la Suffolk halina hata moja kati ya sifa hizo. Mara nyingi mahandaki haya yana upana wa mita 8 hadi 12 na kina cha mita mbili hivi, na mshale wa upinde mrefu wa Kiingereza uliweza kuruka zaidi ya mita 200. Nyuma ya maji mara nyingi hapakuwa na ukuta wa mawe. Baadhi yana pande tatu tu, na mengi yana njia ya udongo iliyoachwa bila kuchimbwa, ambayo mtu yeyote angeipita kwa miguu mikavu hadi mlangoni.

Lilikuwa la nini basi? Lilikuwa kwanza la heshima. Wafalme na makabaila wakubwa walikuwa na ngome zilizozungukwa na maji, na wenye ardhi wadogo, nyumba za watawa, hata wakulima huru waliofanikiwa, wakaiga kwa kadiri ya mifuko yao. Mtu wa pwani ataielewa lugha hii bila taabu. Mlango wa nakshi wa Lamu au Unguja hauwezi kulizuia jeshi, lakini anayepita njiani hujua kabla ya kubisha hodi kwamba ndani wamo watu wa namna gani. Handaki lilisema maneno hayo hayo kwa udongo na maji, na lilisema kwa gharama kubwa. Chukua kisiwa cha mita 50 kwa 50 kilichozungukwa na handaki la upana wa mita 10 na kina cha mita 2. Kama kuta zingekuwa wima, udongo uliotolewa ungefikia mita za ujazo 4,800, na hata ukipunguza theluthi moja kwa sababu ya mteremko wa kingo, zinabaki zaidi ya 3,000, zote zimechimbwa kwa sepetu na kubebwa kwa mikono ya watu, wengi wao wakiwa hawakuwa na hiari ya kukataa kazi ya bwana wao.

Faida nyingine zilikuja pamoja na heshima hiyo, na sipendi zidharauliwe. Maji yalizuia mwizi wa usiku na mnyama aliyepotea, yalikuwa karibu nyumba ya mbao na paa la nyasi viliposhika moto, yalikausha kiwanja cha nyumba katika nchi ambayo mfinyanzi hutuama maji majira yote ya baridi, na yalifuga samaki, jambo lenye uzito katika jamii ya Kikatoliki iliyojizuia kula nyama siku za Ijumaa na katika mfungo mrefu wa Kwaresima. Udongo uliotolewa uliinua kisiwa, na sehemu yake ilikandikwa kwenye kuta za nyumba yenyewe. Kwa hiyo mwajiri wako anapotamani kufuga samaki humo, anatamani jambo ambalo mwenye handaki wa kwanza angelielewa vizuri.

Hata ngome kubwa hazikuwa za vita tupu. Ngome ya Bodiam huko Sussex, ambayo Sir Edward Dalyngrigge alipata kibali cha mfalme cha kuijenga mwaka 1385, imesimama katikati ya ziwa zima la maji, na kwenye picha inaonekana haishindiki. Wataalamu waliochunguza ukingo unaozuia maji hayo wameonyesha kwamba adui mwenye majembe angeweza kuuvunja na kuyamwaga. Mjadala juu ya Bodiam haujaisha, na mimi niko upande wa wanaoamini kwamba mambo mawili, ulinzi na fahari, yalichanganyika ndani ya akili ya mtu mmoja, hata yeye asingeweza kuyatenga.

Umeuliza kwa nini hakuna kilichobaki. Mahali pengine pamebaki. Ightham Mote huko Kent, nyumba ya karne ya 14 iliyo bado ndani ya maji yake, ilitolewa mwaka 1985 kwa shirika la National Trust na mmiliki wake Mmarekani, Charles Henry Robinson, na ukarabati wake ulichukua miaka 15, kuanzia 1989 hadi 2004. Baddesley Clinton huko Warwickshire nayo ipo, na ndani yake upo mfereji wa maji machafu uliotoka kwenye vyoo kwenda handakini, ambamo mapadri Wakatoliki walijificha mwaka 1591 wakisimama majini kwa saa kadhaa huku askari wakipekua vyumba. Hizo ni nyumba chache zilizobahatika. Nyingi zilikuwa za miti, udongo na nyasi, kama nyumba zilivyokuwa katika vijiji vingi vya kwetu, na wenyewe walipotajirika zaidi au kuchoshwa na unyevu walihamia ng'ambo ya handaki, wakajenga upya hatua chache kutoka hapo. Inawezekana kabisa nyumba ya mwajiri wako ni kizazi cha nyumba iliyokuwa kisiwani.

Hapo ndipo utupu unapopata thamani. Kisiwa kilichoachwa kikazungukwa na maji hakikuwa rahisi kuingiza plau ya farasi, wala baadaye trekta, hivyo wakati mashamba ya jirani yaligeuzwa na kugeuzwa tena kwa karne nyingi, ardhi hiyo ndogo mara nyingi ilibaki kama ilivyoachwa. Chini ya majani, pengine kwa kina cha mkono tu, huwa yamelala mashimo ya nguzo, meko yaliyoungua, uwanja uliotandazwa kokoto, vigae vya vyungu na mifupa ya chakula. Afrika Mashariki tunao mfano wa jambo hili. Bigo bya Mugenyi nchini Uganda, karibu na mto Katonga, ni mfumo wa mahandaki makavu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ya kati ya karne ya 14 na ya 16, na huko pia mgeni anayetafuta kuta atarudi akisema hakuona kitu, ilhali handaki lenyewe ndilo jengo.

Sasa tuje kwenye tope, ambalo ndilo moyo wa swali lako.

Vitu vya asili ya uhai, kama mbao, ngozi, nguo, mbegu na mbawa za wadudu, huoza kwa sababu bakteria na kuvu huvila, na wengi wa viumbe hao wanahitaji oksijeni. Tope la chini ya handaki, likiwa limelowa mwaka mzima, halina oksijeni ya kutosha. Kinachozama humo huacha kuoza, au huoza polepole mno, na kinaweza kukaa miaka 700 kikiwa na umbo lake. Ndiyo maana katika tope la mahandaki hutoka nguzo za madaraja, viatu, bakuli za mbao na kamba, vitu ambavyo kisiwani penyewe vimekwisha kuwa vumbi. Nguzo ya mwaloni iliyobaki na gome lake inaweza kutaja mwaka ule ule mti ulipokatwa, kwa kuhesabu na kulinganisha pete zake. Chavua, yaani unga wa maua, iliyonaswa katika tabaka moja baada ya jingine huonyesha lini msitu ulipungua na ngano ikaongezeka. Mbegu hutaja kilicholiwa na kilichopandwa bustanini, na mbawa za mbawakawa husema kama maji yalikuwa safi au yalinuka samadi. Hakuna karani wa kabaila aliyeandika mambo hayo, na ya mkulima wa kawaida hayakuandikwa kabisa.

Ziko nyakati ambapo handaki limehifadhi kitu kisichotarajiwa kabisa. Acton Court, karibu na Bristol, lilikuwa jumba lenye handaki. Mwaka 1535 mwenyewe, Nicholas Poyntz, aliongeza jengo jipya kwa haraka ili kumpokea Mfalme Henry VIII, na sehemu ya handaki ikajazwa ili kupisha ujenzi huo. Wanaakiolojia walipochimba hapo katika karne ya 20 walipata ndani ya handaki saa ya jua ya mawe yenye mwaka 1520, kazi ya Nicolaus Kratzer, mwanafalaki wa mfalme huyo. Kama mtu angelisafisha handaki lile kwa mashine ili kupata maji safi, saa hiyo ingeondoka na kijiko kimoja cha tope na kumwagwa shambani.

Mwajiri wako anaweza kujibu, tena kwa haki, kwamba hata watu wa Zama za Kati walisafisha mahandaki yao. Ni kweli, walifanya hivyo mara kwa mara, na tope hilo walilimwaga mashambani kama mbolea. Matokeo yake ni kwamba tope la miaka ya mwanzo mara nyingi halipo tena, na lililobaki ni la kipindi cha mwisho cha matumizi na cha miaka ya kuhama. Kurasa nyingi za kitabu zimekwisha kuchanwa na wenyewe. Kwa maoni yangu hilo linazidisha sababu ya kuzitunza chache zilizobaki.

Tena tope hilo halistahimili kukauka. Mbao iliyokaa majini karne nyingi imepoteza sehemu kubwa ya nyuzi zake za ndani, na maji ndiyo yanayoishikilia isiporomoke. Ikitolewa juani hunywea, hupasuka na kujikunja, na hairudi tena. Meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilibidi inyunyiziwe maji na kisha nta maalumu mpaka mwaka 2013. Shamba haliwezi gharama hiyo, na hata makumbusho chache ndizo zinazoiweza. Kwa hiyo njia bora na rahisi ya kuhifadhi mbao iliyo topeni ni kuiacha topeni, na tope kuliacha na maji yake. Majira ya joto ya mwaka 2022, ukame ulipotangazwa rasmi mashariki mwa England, wenzangu wengi katika kazi hii waliyafikiria mahandaki kabla ya kufikiria majengo.

Sheria haikuanza na hekima hiyo. Sheria ya kwanza ya kulinda mambo ya kale, iliyopiganiwa bungeni na Sir John Lubbock, ilipita mwaka 1882. Ilikuja na orodha ya maeneo 68, karibu yote ya kabla ya historia iliyoandikwa, na haikumlazimisha mwenye ardhi kufanya lolote asilotaka. Kilichobadilisha mambo ni, kwa sehemu, ngome yenye mahandaki. Tattershall huko Lincolnshire, mnara mkubwa wa matofali uliojengwa na Ralph Cromwell katika karne ya 15, uliuzwa mwaka 1911, na meko zake za mawe zilizochongwa ziling'olewa zikafungwa tayari kusafirishwa kwenda Marekani. Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India kwa niaba ya mfalme, aliinunua ngome hiyo, akazitafuta meko zile na kuzirudisha. Hasira iliyotokana na jambo hilo ilisaidia kupitisha sheria ya mwaka 1913, ambayo kwa mara ya kwanza iliipa serikali uwezo wa kumzuia mmiliki asiliharibu eneo lenye umuhimu wa kitaifa, na iliyomtaka mwenye eneo lililoorodheshwa atoe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuligusa.

Ninamheshimu sana Curzon kwa kazi hiyo. Hata hivyo lazima niseme kwamba alipoinunua Bodiam mwaka 1917 aliikarabati kwa moyo ule ule, handaki lake likakaushwa na tope likaondolewa. Elimu ya wakati wake ilitazama kuta. Chavua na mbawa za mbawakawa zilikuwa hazijaingia katika hesabu ya mtu, na ushahidi wa karne kadhaa ulitoka pale kwa mikono ya mtu aliyeipenda ngome ile kuliko watu wote wa zama zake. Ninaposoma barua yako na kumwona mwajiri wako akitaka maji yawe safi, namkumbuka Curzon.

Miaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa mibaya zaidi. Nchi ilitaka chakula, ruzuku zilitolewa kwa kukausha mashamba, na tingatinga lingeweza kufukia kwa siku chache handaki lililodumu miaka 600. Taarifa iliyotakiwa kisheria, ambayo kwa wakati huo ilikuwa ya miezi mitatu, haikuwa kizuizi cha kutosha. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya kuwalipa wakulima kiasi kidogo cha fedha kwa kukubali kutoyalima maeneo ya kale, na mwaka 1979 ikaja sheria inayotumika mpaka leo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1981. Hiyo ndiyo iliyoondoa utaratibu wa taarifa na kuweka kibali mahali pake. Hali ikawa kwamba mwenye eneo haiarifu tena serikali anachokusudia kufanya, anaomba ruhusa ya kukifanya.

Leo England ina karibu maeneo 20,000 katika orodha ya maeneo yanayolindwa kwa sheria hiyo. Kuorodheshwa hakubadilishi umiliki, wala hakumpi mpita njia haki ya kuingia. Ardhi inabaki ya mwajiri wako. Kinachobadilika ni kwamba kazi yoyote ya kubomoa, kuharibu, kuondoa, kukarabati, kuongeza, kufurika maji au kumwaga kifusi juu ya eneo hilo inahitaji kibali cha waziri anayehusika na utamaduni, na maombi yake hushughulikiwa na Historic England, shirika la serikali la urithi wa kale, bila ada. Anayeharibu kwa makusudi au kwa kutojali anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miaka 2. Kifaa cha kutafutia metali hakiruhusiwi hapo bila ruhusa ya maandishi ya shirika hilo, hata kama mwenye shamba amemkubalia anayekitumia. Nyumba inayokaliwa na watu haiwezi kuorodheshwa kwa sheria hii, na ndiyo sababu utakuta mahali ambapo nyumba inalindwa kwa sheria ya majengo na handaki linaloizunguka linalindwa kwa sheria ya mambo ya kale, na mwenyewe analazimika kushughulika na taratibu mbili tofauti. Hilo ni usumbufu wa kweli, na ningependa lirahisishwe.

Kwa mkulima upo unafuu mmoja muhimu. Kilimo cha aina ile ile, mahali pale pale, kilichofanyika kihalali ndani ya miaka 6 iliyopita, kinaweza kuendelea bila maombi mapya, ilimradi plau isishuke chini zaidi ya ilivyokuwa ikishuka. Kuchunga ng'ombe kisiwani, kwa mfano, kunaweza kuendelea. Unafuu huo haugusi kuweka mifereji ya kukaushia, kupanda au kung'oa miti, kuondoa udongo wa juu, kumwaga kifusi, wala kujenga uzio mpya. Kuchota tope kwa mashine hakumo, kwa hiyo mwajiri wako aliambiwa kweli.

Hata hivyo kibali hakikataliwi siku zote. Ninashauri azungumze na ofisa wa Historic England wa eneo lake kabla ya kujaza fomu yoyote, aeleze shida yake, na amwombe aje atazame. Mara nyingi juu ya tope la kale huwa limelala tope jipya la majani na samadi ya miaka ya karibuni, ambalo halina thamani hiyo. Mtaalamu akipima kwa bomba jembamba la kuchukulia sampuli anaweza kujua mpaka uko wapi, na kibali kikatolewa cha kuondoa lile la juu tu, mwanaakiolojia akiwa amesimama kando ya mashine. Aulize pia kama anaweza kuingia mkataba wa utunzaji, ambao sheria ya mwaka 1979 inauruhusu na unaoweza kuambatana na malipo. Na kabla ya yote achunguze wanaoishi humo majini, kwa sababu mahandaki ya mashariki ni makazi ya salamanda wenye kishungi, wanaolindwa kwa sheria nyingine, na kuwasumbua kunahitaji leseni ya shirika la Natural England.

Wakati anasubiri, yapo mambo yanayoweza kusaidia zaidi kuliko mashine. Ng'ombe wakishuka kunywa handakini hubomoa kingo kwa kwato na kuingiza samadi inayoua samaki; wakiwekewa birika la maji mbali na handaki, nusu ya tatizo la tope huisha. Miti michanga inayoota kwenye kingo ikatwe usawa wa ardhi, visiki viachwe, kwa kuwa kung'oa mizizi hupasua tabaka zile zile tunazotaka kuzihifadhi. Maji yasipunguzwe kwa sababu yoyote, na mfereji wa shamba la jirani unaoyavuta uchunguzwe. Kuhusu uzio wa kuwazuia ng'ombe, apate kwanza ramani ya mpaka wa eneo lililoorodheshwa, ambayo hutolewa bure mtandaoni katika orodha ya taifa ya urithi, na nguzo zichimbiwe nje ya mpaka huo.

Kama itatokea kwamba handaki hilo halimo katika orodha na aliyemwambia alikosea, bado nawasihi msilichimbe kiholela. Maeneo mengi mazuri hayajaorodheshwa, na waziri halazimiki kuorodhesha kila linalostahili. Ofisi ya akiolojia ya baraza la Suffolk hutunza kumbukumbu za maeneo yote yanayojulikana, yaliyoorodheshwa na yasiyoorodheshwa, na watakusaidieni. Unaweza hata kuanza mwenyewe jioni moja kwa kutazama ramani za taifa zinazochorwa na Ordnance Survey. Ukiona kando ya shamba lenu neno Moat, yaani handaki kwa Kiingereza, limeandikwa kwa herufi za mtindo wa kale wa Kigothi, ujue waliokuja kupima ardhi hiyo nao walilitambua.

Na wewe uliye hapo kila siku unaweza kufanya jambo ambalo sisi wa mbali hatuwezi. Maji yakishuka mwezi wa Agosti, zunguka ukingoni utazame. Ukiona ncha ya mbao nyeusi imejitokeza kwenye tope, usiivute hata kidogo. Ipige picha pamoja na kitu kinachoonyesha ukubwa wake, pima umbali wake kutoka pembe ya handaki, kisha ifunike kwa tope bichi lililochukuliwa hapo hapo, na upige simu kwa ofisi hiyo siku hiyo hiyo.